Je, wajua? Rimoti ya Wii ndiyo iliyokuwa ikitazama

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ilitoa Wii, mashine ya michezo ya video ambayo haikuchezwa kwa pedi ya vitufe iliyozoeleka bali kwa rimoti nyeupe ya kuelekezwa kwenye skrini. Kwa miaka mingi niliwaeleza watu, kwa yakini kabisa, kwamba kile kijiti cheusi kinachowekwa kando ya runinga ndicho kilichomtazama mchezaji na kuufuata mkono wake. Jina lake lenyewe lilinipoteza, kwa kuwa huitwa kihisi.

Aliyenirekebisha ni kijana wa nyumba moja mtaani Langoni, hapa Lamu. Panya walikuwa wameukata waya wa kijiti kile, nami nikaona mchezo umekwisha. Yeye akatoa mishumaa miwili iliyowekwa akiba kwa usiku wa kukatika umeme, akaiwasha na kuisimamisha mbele ya runinga, ikiwa imeachana kama shibiri moja, na papo hapo kile kiganja kidogo kwenye skrini kikaanza tena kumfuata. Mshumaa hauna jicho. Basi jicho lilikuwa kwingine.

Kijiti kile hakihisi chochote. Ndani yake mna taa ndogo tano kila upande, zinazotoa miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho yetu, na waya wake huleta umeme tu. Kamera imo kwenye ncha ya rimoti, nyuma ya plastiki nyeusi, na kwa kuwa moto wa mshumaa nao hutoa infraredi, kamera hiyo haibagui.

Mfikirie nahodha anayeingia usiku katika mkondo kati ya Lamu na Manda, huku taa mbili zikiwaka ufukweni Shela. Akigeuza omo kulia, taa zitaonekana kuhamia kushoto. Jahazi likilala upande, mstari unaoziunganisha nao utainama. Akiwa mbali zitakaribiana hata zidhaniwe moja, na kadiri anavyosogea ndivyo zitakavyoachana. Taa zenyewe hazina habari naye, lakini kwa kuzitazama mbili tu amejua anakoelekea na umbali uliobaki. Rimoti hupiga hesabu hiyo hiyo. Hata hivyo, kamera haikufanya kazi yote: kupiga mpira wa tenisi kulitegemea kipima mwendo kilichomo ndani ya rimoti, na hapo taa hazikuhitajika.

Bunduki ya Zapper, kifaa cha Nintendo cha kulengea skrini ya runinga, iliyotumika kuwinda bata katika Duck Hunt ya mwaka 1984, nayo haikurusha kitu. Ulipofyatua, skrini iligeuka nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe ukachorwa mahali pa bata, na bunduki ikiuona mwanga huo, bata alihesabiwa ameanguka. Runinga bapa huchelewesha picha kidogo, na kuchelewa huko kulitosha kuipofusha bunduki. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba bunduki hizo zilitoweka kwa sababu wachezaji walizichoka. Runinga ndizo zilizobadilika.

Je, vidhibiti vya namna hii, yaani vifaa vya kuendeshea mchezo, bado vinavutia? Ring Fit Adventure ya mwaka 2019, inayochezwa kwa kubana na kuvuta pete kubwa mikononi, imeuza nakala zaidi ya milioni 15. Mauzo huhesabu walionunua, si walioendelea kucheza, na Kinect, kamera ya Microsoft iliyoutazama mwili wa mchezaji, iliyouzwa kwa kasi kubwa mwaka 2010, iliacha kutengenezwa mwaka 2017. Kwa maoni yangu, kidhibiti hudumu pale mchezo unapokuwa umetungwa kwa ajili yake tangu mwanzo, kama ulivyotungwa ule wa pete.

Bunduki nazo zimerudi. Sinden Lightgun, inayofanya kazi kwenye runinga bapa, ina kamera mdomoni, na programu yake huchora fremu nyeupe kuizunguka picha ili kamera iwe na kitu cha kutazama.