Transjenda si huntha, wala si shoga

Ukitaja transjenda kwenye baraza yoyote ya Lamu, mmoja atasema hao ni huntha, mwingine atasema ni mashoga, na mazungumzo yataishia hapo. Haya ni mambo matatu mbalimbali, na anayeumia yakichanganywa ni mtu ambaye kwa kawaida hayupo pale barazani kujieleza.

Huntha ni suala la mwili. Mtoto amezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume kwa pamoja, au yasiyobainika, na mara nyingi mkunga ndiye wa kwanza kuyaona. Transjenda hatambuliwi kwa utata huo wa mwili. Alipozaliwa walisema ni mvulana na hakuna aliyetia shaka, lakini mwenyewe, pengine tangu utotoni, anajijua kuwa ni mwanamke. Au kinyume chake. Wapo wanaotumia homoni, wapo waliofanyiwa upasuaji, wapo waliobadili jina na mavazi tu, na wapo wasiothubutu kubadili chochote kwa kuwahofia jamaa zao. Ama ushoga ni habari ya mtu anavutiwa na nani. Hausemi lolote kuhusu anajijua kuwa nani.

Kuhusu huntha, wanavyuoni hawakuona haya kuzungumza. Anayesoma fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo inayosomeshwa hapa kwetu, atamkuta katika mlango wa sala, safu yake ikiwa nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake, kisha atamkuta tena katika mirathi. Hapo hesabu ina uangalifu mkubwa: kila mrithi hupewa kile ambacho ni yakini kuwa chake, na kinachobaki husimamishwa mpaka hali ya huntha ibainike au warithi wasuluhiane. Hakufutwa. Alitafutiwa nafasi yake msikitini na fungu lake katika mali ya wazazi.

Kwa transjenda, mlango ulio karibu zaidi ni ule wa mukhannath, mwanamume mwenye mwendo na sauti ya kike. Imam Nawawi, wa karne ya 13, aliwagawa watu hawa mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo bila kujilazimisha, ambaye hana lawama wala dhambi kwa umbile lake, na anayejifanya kwa makusudi, ambaye ndiye wa kulaumiwa. Nawawi hakuwa akizungumzia kubadili jinsia, na si haki kumtwisha fatwa asiyoitoa. Lakini alianza kwa kuuliza iwapo mtu huyu ameumbwa hivi, na mimi naona swali hilo lina uadilifu mwingi kuliko tusi letu la haraka.

Fatwa za zama zetu hazikubaliani. Iran, ambako Ayatollah Khomeini aliruhusu upasuaji wa kubadili jinsia katika miaka ya 1980, inauruhusu hadi leo. Misri, mwaka 1988, Mufti Sayyid Tantawi aliuruhusu pale tu penye haja ya matibabu, si kwa matamanio. Wanavyuoni wengi wa Kisunni humruhusu huntha na kumkataza transjenda.

Ng'ambo ya bahari yetu, Bara Hindi, hijra, yaani watu ambao wengi wao walizaliwa wakiitwa wavulana lakini huishi na kuvaa kike, wamejulikana kwa karne nyingi, na wengine walitumikia majumba ya wafalme wa Mughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala huko. Ni Waingereza waliopitisha sheria mwaka 1871 ya kuwaandikisha na kuwachunga kama washukiwa wa uhalifu. Mahakama ya Juu ya India iliwatambua kuwa jinsia ya tatu mwaka 2014. Pakistan ilitunga sheria ya kuwalinda mwaka 2018, na mwaka 2023 Mahakama ya Shariati ikabatilisha vifungu vyake vikuu.

Madaktari nao wamebadili kauli. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, hali ya transjenda haimo tena miongoni mwa maradhi ya akili.

Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Kwa transjenda, Bunge halijatunga sheria kama hiyo. Kilichopatikana kimetoka mahakamani: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Ushindi huo ulikuwa wa cheti kimoja. Mtu wa Lamu au Malindi anaweza kubadili jina kisheria, lakini alama ya jinsia kwenye kitambulisho ni kazi nyingine, na kila anapokitoa, iwe benki au kwenye kizuizi cha polisi njia ya Witu, hana budi kueleza mambo yake ya ndani mbele ya abiria wenzake na askari asiyemjua.