Je, wajua kwa nini taa za minara ya baharini huwaka na kuzima?

Saa nane za usiku. Nahodha anakaribia lango la mto Gironde, magharibi mwa Ufaransa, ambako ndiko meli huingilia kwenda bandari ya Bordeaux. Lango ni pana kweli, lakini tumbo lake limejaa mafungu ya mchanga na miamba ambayo maji yakijaa huioni. Mbali huko anaona nuru moja. Kwamba ni nuru, hilo halimsaidii sana. Anachotaka kujua ni hii: nuru ya nani? Pwani haikosi taa, ziko za nyumba, za wavuvi na za minara mingine. Akidhani huu ni mnara fulani kumbe ni jirani yake, atageuza sukani mapema au akichelewa, na chombo kitapanda mwamba.

Basi kule kuwaka na kuzima ndilo jina la mnara. Katika lango hilo umesimama mnara wa Cordouan, na jina lake la usiku liko hivi: ndani ya kila sekunde 12, taa huzimika mara mbili mfululizo, kisha mara moja peke yake. Nahodha anashika saa, anahesabu, anatazama ramani ya bahari ambako mpangilio huo umeandikwa. Yakilingana, anajua alipo. Minara iliyo karibu haipewi mpangilio mmoja, kama vile ndugu wasivyopewa jina moja. Karibu na Boston, Marekani, mnara wa Minot's Ledge hummweka mara moja, halafu mara nne, halafu mara tatu. Watu wa huko huzisoma namba hizo kama idadi ya herufi za maneno ya Kiingereza "I love you" na kusema mnara unawaambia "nakupenda". Waliopanga hesabu hiyo sidhani walikuwa na mapenzi kichwani.

Zamani minara haikuwa na majina ya namna hii, kwa sababu moto wa kuni hauna namna ya kujitambulisha. Cordouan ulikamilika mwaka 1611, na kileleni walichoma kuni, baadaye makaa ya mawe. Mwaka 1782 wakaja na ustaarabu mpya, taa za mafuta zenye vioo vya kurudisha mwanga nyuma yake. Mabaharia walilalamika, wakataka makaa yao yarudishwe! Na hawakuwa wakorofi. Vioo vya siku zile vilimeza sehemu kubwa ya mwanga, na uliobaki ukatawanyika ovyo, mwingine mbinguni ambako hakuna meli.

Aliyekata fundo hilo ni Mfaransa Augustin Fresnel. Kila mtu alijua kwamba lenzi nene ya kioo inaweza kukusanya miale ya taa na kuielekeza upande mmoja. Tabu ni kwamba lenzi ya ukubwa unaohitajika mnarani ingekuwa bonge zito mno, na unene wake ungekula mwanga. Fresnel aliona jambo dogo: mwanga hupinda pale unapoingia kwenye kioo na pale unapotoka. Katikati unapita tu. Kwa nini basi kubeba kioo cha katikati? Akakiondoa, akabakiza uso wa lenzi peke yake, umekatwa pete pete, kubwa ikizunguka ndogo, kila pete na mteremko wake. Ukiitazama ubavuni inafanana na ngazi. Julai 1823 lenzi ya kwanza ya aina hiyo ikawashwa Cordouan, na taa ya mafuta yenye tambi kadhaa ikaonekana zaidi ya kilomita 30. Mwenyewe hakuifaidi sana sifa hiyo, maana kifua kikuu kilimwua mwaka 1827 akiwa na miaka 39.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Katika minara ya lenzi inayozunguka, taa haizimwi kamwe. Inawaka palepale usiku kucha. Kinachozunguka ni fremu ya lenzi, nayo hutoa mikono kadhaa ya mwanga inayofagia bahari. Mkono ukikupitia unaona mmweko. Ukishapita, unaona giza. Lenzi kubwa huwa na uzito wa tani kadhaa, na mwishoni mwa karne ya 19 zilianza kuwekwa zielee juu ya beseni la zebaki, zikawa nyepesi kiasi cha kusukumwa kwa kidole. Siku hizi mitambo mingi huiwasha na kuizima taa yenyewe kwa umeme.

Urefu nao una kazi yake. Dunia ni mviringo, na mwanga haupindi kufuata mgongo wa bahari. Taa iliyo mita 60 juu ya maji, kwa mtu ambaye jicho lake liko mita 5 juu ya maji, huonekana kutoka kilomita 35 na zaidi kidogo. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, hata iwe kali namna gani, imezama chini ya upeo wa macho.

Meli ikishasogea, rangi nazo huanza kusema. Mnara unaweza kuwekewa vioo vya rangi vinavyogawa bahari vipande: mara nyingi nyeupe ni njia yenye maji ya kutosha, na ukiona nyekundu au kijani jua umetoka nje yake. Penye mkondo mwembamba huwekwa taa mbili, ya nyuma juu kuliko ya mbele. Rubani huziweka zisimame wima, moja juu ya nyingine. Ya juu ikikimbilia kushoto, naye ameshateleza kushoto mwa mkondo.

Mchana, walinzi wa minara walikuwa na kazi nyingine ya kuchekesha: kufunga mapazia kileleni. Lenzi inayotuma mwanga mbali hukusanya pia mwanga unaotoka mbali, na jua likiiingilia vizuri lingeweza kuunguza taa yenyewe.