Bahari Imekonda: Lini Unukuu, Lini Ueleze kwa Maneno Yako

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea dawatini sura ya nne ya tasnifu yake, inayohusu wavuvi wa Msangamkuu, pale ng'ambo ya pantoni. Katikati ya ukurasa ameandika kwamba mhojiwa wake "alieleza kuwepo kwa upungufu wa rasilimali za bahari". Nikamuuliza, huyo mzee alisemaje hasa? Akacheka. "Alisema bahari imekonda."

Mimi ni mkutubi wa chuo hapa Mtwara, na msimu wa tasnifu nasoma sura nyingi za namna hii. Ajabu ni kwamba binti huyo huyo, kwenye sura ya pili, alikuwa amenukuu neno kwa neno aya nzima ya ripoti inayosema samaki wamepungua. Maneno yenye uhai kayafumua, maneno makavu kayafungia kwenye alama za kunukuu.

Kabla hujaamua, jiulize unakitaka nini chanzo chako. Ukitaka maneno yenyewe, kwa sababu utayachambua au kwa sababu yakibadilika maana nayo inabadilika, nukuu. Sheria ndiyo mfano ulio wazi. Ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na haki ya hifadhi ya mali hiyo "kwa mujibu wa sheria". Mwanafunzi anayeandika kuhusu mashamba ya mikorosho yaliyopitiwa na barabara akieleza ibara hiyo kwa maneno yake, mara nyingi hayo manne ya mwisho ndiyo yanayodondoka, na kesi nyingi zimelala humo humo. Vivyo hivyo "fidia inayostahili" kwenye ibara hiyo hiyo: ukiandika "fidia ya kutosha" umeshasema jambo jingine.

Ukihitaji wazo tu, lieleze upya. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, tena bila nia mbaya. Tuseme chanzo kina sentensi hii, niliyoitunga mwenyewe: "Ubwiriunga hushambulia maua na majani machanga ya mkorosho, na mkulima asipopuliza dawa mapema, mavuno hupungua." Mwanafunzi anaandika: "Ubwiriunga huvamia maua pamoja na majani mateke ya mkorosho, na mkulima asiponyunyiza dawa kwa wakati, mazao hushuka." Hiyo ni sentensi ya mwandishi wa chanzo iliyovalishwa shati jingine. Hata ukiweka jina la mwandishi na mwaka, mifupa bado ni yake, na ukaguzi wa wizi wa kitaaluma unaweza kuinasa. Sasa funga kitabu, subiri kidogo, kisha mweleze mwenzako unayeishi naye chumba kimoja. Itatoka hivi: "Mwandishi anaona muda ndio unaoamua. Kwa kuwa ugonjwa unalenga maua na machipukizi, dawa iliyochelewa inamkuta mkulima ameshapoteza korosho." Mpangilio umebadilika, na msomaji anaona kwamba umeelewa. Rejea inabaki pale pale. Ile imani kwamba "nimetumia maneno yangu, kwa hiyo sihitaji rejea" imewapeleka wengi mbele ya kamati.

Kuna jambo linalotugusa sisi tunaoandika kwa Kiswahili, na sioni likisemwa vya kutosha. Unasoma kitabu cha Kiingereza, unatafsiri sentensi mbili, unazifungia kwenye alama za kunukuu kana kwamba mwandishi alizisema kwa Kiswahili. Hakuzisema. Mtindo wa APA wa kuandika nukuu na rejea, unaotumiwa na vyuo vingi, unaihesabu tafsiri uliyoifanya mwenyewe kuwa maelezo kwa maneno yako, si nukuu. Kwa hiyo alama hizo ziondoe, jina na mwaka viache. Kama maneno ya asili ni muhimu kweli, yaweke kwa lugha yake, kisha tafsiri ifuate. Kwa mahojiano yaliyofanywa kwa Kimakonde au Kimwera ningeshikilia hivyo hivyo: maneno ya mzee kwanza, Kiswahili chako baadaye, na useme wazi kwamba tafsiri ni yako. Wasimamizi wengine watakuambia unajaza kurasa. Mimi nasema bora kurasa mbili zizidi kuliko mzee wa Newala kupewa Kiswahili cha ofisini ambacho hajawahi kukitamka.

Muhtasari hauna maneno mengi. Anayeandika kuhusu upanuzi wa bandari ya Mtwara anahitaji sentensi mbili tu kusema kwamba bandari hii ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, zao likiwa limeshindikana. Nimewahi kuletewa kurasa nne za Nachingwea, moja ya sehemu za mashamba ya mpango huo, kabla bandari yenyewe haijatajwa.

Kwa anayenukuu, APA inataka namba ya ukurasa, na nukuu ikifika maneno 40 inashushwa kuwa aya yake yenyewe, iliyosogezwa ndani, bila alama za kunukuu. Kwangu, nukuu ndefu kiasi hicho inapaswa kukutia wasiwasi. Usipokuwa na la kusema juu yake mara baada ya kuiweka, kazi yako umemwachia mwingine.

Na weka alama za kunukuu siku ile ile unaponakili kwenye daftari. Miezi mitatu baadaye hutakumbuka ipi ni sentensi yako na ipi ni ya kitabu, na kwa bahati mbaya ile iliyo nzuri zaidi ndiyo utakayodhani ni yako.

Yule binti wa Msangamkuu bado alikuwa na rekodi kwenye simu. Tukaisikiliza pale dawatini, sauti chini, upepo ukivuma ndani ya maikrofoni. Mzee alikuwa amesema zaidi ya alivyokumbuka: "Bahari imekonda, mwanangu, na sisi tumekonda nayo." Akairudisha nyuma mara mbili, akaiandika yote.