Kutoa magazini hakufanyi bastola kuwa tupu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema ukishachomoa magazini, yaani kikasha cha risasi, bastola haiwezi kufyatua. Si kweli, na tafadhali usiusambaze. Risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, na hiyo moja inatosha kuua.

Wanaohusika na silaha kisheria huikagua hivi: mtutu uelekee upande salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio, magazini itolewe kwanza. Ndipo sehemu ya juu ivutwe nyuma hadi mwisho na kushikiliwa hapo, chemba itazamwe kwenye mwanga, kisha iguswe kwa ncha ya kidole, maana gizani jicho hudanganya. Mpangilio ni muhimu: ukivuta kabla ya kutoa magazini, risasi ya kwanza itaruka nje, lakini sehemu ile ikirudi mbele itasukuma nyingine ndani.

Mkanganyiko una chanzo. Baadhi ya bastola zina kizuizi kinachozuia kufyatua magazini isipokuwemo. Nyingi hazina, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Asiyejua kuikagua asiiguse.