Kwa Nini 1/3 Haimo: Jinsi Aljebra Inavyotenganisha Mienendo

Katika mienendo ya kitopolojia tunachunguza nafasi yenye nukta pamoja na kanuni inayozihamisha nukta hizo hatua kwa hatua bila kuichana nafasi yenyewe. Hatua za mbele na za nyuma, zikihesabiwa kwa namba kamili, ndizo kundi (mkusanyo ambao vitu vyake hujumlishwa na kutolewa bila kutoka nje yake) linalotenda juu ya nafasi hiyo. Wanafunzi wetu huuliza swali zito: mifumo miwili ikionekana kutofautiana, tutathibitishaje kwamba si mfumo uleule uliopewa majina mengine?

Chukua mita ya kilomita ya gari, lakini yenye tarakimu zisizo na mwisho na inayotumia 0 na 1 tu. Kila hatua huongeza 1 kwenye tarakimu ya kwanza, na ikizidi hubebwa kwenda ya pili, na kuendelea. Mita nyingine itumie 0, 1 na 2. Mifuatano yote ya kila mita ni seti ya Cantor, yaani nafasi ambayo nukta zake zote zimetengana ilhali kila moja ina nyingine zilizo karibu nayo kiasi chochote, kwa hiyo kitopolojia nafasi hizo mbili ni sawa kabisa. Tofauti yoyote lazima itafutwe kwenye mwendo.

Sasa kila fungu la mifuatano linaloamuliwa na tarakimu chache za mwanzo tulipe thamani, kwa masharti haya: fungu likisogezwa hatua moja thamani yake haibadiliki, thamani za mafungu yasiyoingiliana hujumlishwa, na nafasi nzima ina thamani 1. Katika mita ya kwanza, hatua moja hulihamisha fungu zima linaloanza na 0 likawa lile linaloanza na 1, hivyo kila moja lina 1/2. Tarakimu mbili za mwanzo hutoa 1/4, tatu hutoa 1/8. Tukijumlisha na kutoa thamani hizi tunapata kundi la sehemu ambazo asili yake ni 1, 2, 4, 8 na kuendelea, na 1/3 haimo humo hata tukienda mbali kiasi gani. Mita ya pili inayo 1/3. Kwa kuwa masharti yetu yametegemea mwendo peke yake, hakuna ubadilishaji wa majina unaoweza kuzifanya mita hizi ziwe mfumo mmoja.

Mwaka 1995 Thierry Giordano, Ian Putnam na Christian Skau walithibitisha jambo kubwa zaidi, ambalo kwangu ni miongoni mwa matokeo mazuri sana ya fani hii. Kwa mifumo ya Cantor ambayo njia ya kila nukta, yaani mahali pote inapopita ikisogezwa mbele na nyuma, hukaribia kila mahali, kundi la aina hii, pamoja na mpangilio wake wa ukubwa na 1 yake, huamua kikamilifu ni mifumo ipi inayolingana kwa njia zake (nukta zikioanishwa, kila njia ya mmoja huwa njia ya mwingine), kwa maana kali ya ulinganifu huo. Mpangilio wa hatua ndani ya njia, hata hivyo, unaweza kutofautiana sana: Mike Boyle na David Handelman walionyesha kwamba ipo mifumo yenye kundi lilelile la mita ya 0 na 1 ambayo entropia yake, yaani kipimo cha jinsi mwendo ulivyovurugika, ni kubwa kuliko 0, ilhali entropia ya mita yenyewe ni 0.