Je, wajua? Mwanafunzi wa udaktari wa meno aliwezaje kuwashinda madereva wa Maserati mwaka 1955?

Tarehe 23 Oktoba 1955, katika mji wa Syracuse kisiwani Sicilia, kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 23 alishindana katika gari la Formula 1 kwa mara ya kwanza maishani mwake, gari ambalo kabla ya safari hiyo hakuwahi kuliendesha. Akazunguka mara 70 kwenye njia ngeni kwake, na mwisho wa siku akawaacha nyuma madereva wa Maserati, kiwanda cha magari cha Italia, kwa takriban sekunde 50. Jina lake lilikuwa Tony Brooks, mwanafunzi wa udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Manchester. Ndani ya ndege iliyompeleka Italia alikuwa amefungua vitabu vyake vya masomo, kwa sababu mitihani ilikuwa inamsubiri nyumbani.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ilikuwaje basi kijana huyu akazishika zote mbili, na akazishika vizuri kiasi hicho?

Ili jibu lieleweke, ni lazima kwanza kuiweka kando picha ya mbio za magari za siku hizi. Dereva wa Formula 1 wa leo ana mashindano zaidi ya 20 kwa mwaka, na kati ya moja na jingine ana mazoezi ya viungo, vikao na wahandisi na shughuli za wadhamini, hivi kwamba hana nafasi hata ya kufikiria kazi nyingine. Mwaka 1955 ubingwa wa dunia ulikuwa na mashindano saba tu, baada ya mengine manne kufutwa kufuatia ajali ya mwezi Juni katika mbio za Le Mans nchini Ufaransa, ambamo zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mbio nyingi za miaka hiyo hazikuhesabiwa kabisa katika ubingwa, na ile ya Syracuse ilikuwa mojawapo. Mwandaaji wa kila mji alialika timu alizozitaka, akazilipa fedha za kushiriki kwa kila gari lililofika kwenye mstari wa kuanzia, kisha akaongeza zawadi kwa walioshinda. Timu ndogo ziliishi kwa fedha hizo za kushiriki, na dereva aliyekuwa tayari kwenda mwishoni mwa juma na kurejea kazini Jumatatu aliwafaa sana.

Vita Kuu ya Pili nayo ilikuwa imeacha urithi ambao hakuna aliyeupanga. Uingereza ilibaki na viwanja vingi vya ndege za kijeshi ambavyo havikuwa na kazi tena, na barabara zilizovizunguka zikageuzwa kuwa njia za mbio. Silverstone, kituo cha zamani cha ndege za mabomu, kilianza kutumika kwa mbio mwaka 1948, na mwaka huohuo Goodwood ikafunguliwa kwenye barabara iliyozunguka uwanja wa ndege za kivita. Njia ya namna hii ni tambarare, pana, na mara nyingi haina mti wala ukuta karibu, kwa hiyo mwanafunzi anayekosea kona huishia kwenye majani badala ya kuishia kaburini. Humo ndimo kizazi kizima cha madereva wa Kiingereza kilimojifunzia, na wengi wao walikuwa watu wenye kazi zao za kawaida.

Brooks alianza mwaka 1952 kwa gari la familia, Healey Silverstone, katika mbio za vilabu. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na kijana alikuwa amekwisha kuchaguliwa njia hiyohiyo: siku za juma alikuwa kliniki akijifunza kuziba na kung'oa, na mwishoni mwa juma alikuwa uwanjani. Kadiri alivyoshinda, ndivyo watu wenye magari bora walivyomwachia ayaendeshe. Alipewa Frazer Nash ya mtu mwingine, kisha mwaka 1955 Aston Martin wakamchukua kuendesha magari yao ya michezo. Jambo hili husahaulika: dereva wa ridhaa wa wakati ule hakuwa lazima tajiri. Wapo waliokuwa matajiri kweli, lakini wengine walikuwa na kipaji tu na mtu wa kuwaazima gari.

Wala Brooks hakuwa kioja cha pekee. Johnny Claes wa Ubelgiji alikuwa mpiga tarumbeta wa jazi aliyeongoza bendi yake mwenyewe. Paul Frère, Mbelgiji mwingine, alikuwa mwandishi wa habari za magari, na mwaka 1956 alimaliza wa pili katika Grand Prix, yaani mbio kubwa za kimataifa, ya nchi yake akiendesha Ferrari. Mmarekani Carroll Shelby, ambaye siku ile ya Syracuse alikuwa katika mojawapo ya magari ya Maserati, aliwahi kufuga kuku huko Texas kabla kuku hao hawajafa kwa ugonjwa.

Gari ambalo Brooks alikabidhiwa lilitoka Connaught, karakana ndogo katika kijiji cha Send, kusini mwa London, iliyoongozwa na Rodney Clarke na kutegemea mfuko wa Kenneth McAlpine. Haikuwa timu ya kutisha. Injini yao ya lita 2.5 ilikuwa na silinda nne, ilhali Maserati walikuwa na silinda sita. Hata hivyo Connaught walikuwa na kitu ambacho wapinzani wao hawakuwa nacho, nacho ni breki za diski kutoka Dunlop. Breki za ngoma za Maserati zilikuwa zikipata moto na kupungua nguvu kadiri mbio zilivyoendelea, kwa kuwa joto lilijifungia ndani ya ngoma. Diski iko wazi kwenye upepo, hupoa haraka, na kumruhusu dereva achelewe kukanyaga breki katika mzunguko wa 60 kama alivyochelewa katika ule wa kwanza.

Magari yalisafirishwa kwa barabara kutoka Uingereza hadi Sicilia, yakachelewa. Brooks na mwenzake wa timu, Les Leston, walifika na kukuta hakuna cha kuendesha, na muda wa mazoezi ukawa unapita. Walichofanya ni kukodi skuta za Vespa na kuizunguka njia ile ya kilomita 5.5 taratibu, tena na tena. Mtu anaweza kucheka, lakini hebu fikiria mtu aliyeketi juu ya skuta anaona nini: anaona mahali lami ilipobonyea, anaona kona inayoanza kwa upana na kumalizikia kwa wembamba, na anaziona kuta zilizosimama pembeni kabisa mwa barabara, zile ambazo Goodwood hakukuwa nazo. Mwendo wa skuta humpa muda wa kukariri. Nadhani mwanafunzi aliyezoea kukariri mishipa yote ya taya hakuona shida kukariri kona za Syracuse.

Magari yalipofika, Brooks alizunguka mara chache tu, maana timu iliogopa kuiharibu mashine kabla ya kupokea fedha za kushiriki. Mizunguko hiyo michache ilimtosha kupata nafasi ya tatu, safu ya mbele, kando ya Luigi Musso na Luigi Villoresi wa Maserati. Mbio zilipoanza hakukimbilia mbele. Aliwafuata, akajifunza gari lake wakati mashindano yenyewe yanaendelea, akawapita mmoja baada ya mwingine, na alipomfikia Musso wakapokezana uongozi kwa muda kabla hajaondoka moja kwa moja. Akaendelea kuvunja rekodi ya mzunguko. Baada ya saa mbili na nusu hivi alikata mstari peke yake, Musso akiwa wa pili na Villoresi wa tatu. Mara ya mwisho dereva wa Kiingereza kushinda Grand Prix ng'ambo akiwa katika gari la Kiingereza ilikuwa mwaka 1924, Henry Segrave alipoendesha Sunbeam huko San Sebastián, Hispania.

Ni rahisi kusema kwamba alishinda kwa sababu ya mikono laini ya daktari wa meno, na maelezo hayo yanapendeza masikioni. Mimi siyaamini sana. Ni kweli kwamba Brooks alikuwa na uendeshaji wa utulivu usio na mikiki, lakini madaktari wa meno ni wengi na Brooks ni mmoja. Kwa maoni yangu, taaluma yake ilimsaidia mahali pengine: ilimpa uhuru wa kusema hapana. Dereva ambaye hana riziki nyingine huingia katika gari bovu kwa sababu asipoingia yeye ataingia mwingine, lakini mwenye cheti cha udaktari nyumbani hana sababu ya kufa kwa ajili ya pedali iliyokwama.

Uhuru huo hata yeye hakuujua mara moja, na alijifunza kwa kuumia. Julai 1956, katika Grand Prix ya Uingereza pale Silverstone, aliendesha gari la timu ya Kiingereza ya BRM ambalo mfumo wake wa pedali ya mafuta ulikuwa umeharibika. Mafundi waliutengeneza kwa haraka, naye akarudi uwanjani akijua kwamba gari si zima. Kwenye kona ya Abbey pedali ya mafuta ilikwama, gari likapinduka, yeye akarushwa nje na kuvunjika taya, na gari likateketea kwa moto. Kwa mtu aliyesomea taya za wengine, hilo lilikuwa somo la karibu mno. Mwaka uliofuata, katika saa 24 za Le Mans, gia ya Aston Martin yake ilinasa, na alipokuwa akihangaika kuinasua aliikosa kona ya Tertre Rouge na gari likamlalia. Mwezi mmoja hivi baadaye, akiwa bado na majeraha, alianza Grand Prix ya Uingereza pale Aintree katika Vanwall, kisha akamwachia gari Stirling Moss, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika, na Moss akalifikisha la kwanza. Sheria za wakati huo ziliruhusu madereva wawili kugawana ushindi, na kwa njia hiyo gari la Kiingereza likashinda kwa mara ya kwanza mbio za ubingwa wa dunia.

Baada ya ajali hizo mbili Brooks, aliyekuwa Mkatoliki wa dhati, aliamua kwamba uhai ni zawadi ambayo hana haki ya kuichezea, na kwamba hataendesha tena kwa kasi ya mashindano gari analolitilia shaka. Kufikia hapo hakuwa tena mwanafunzi. Alikuwa amefaulu udaktari, na mbio ndizo zilizokuwa zimechukua siku zake. Mwaka 1958 alishinda Spa, Nürburgring na Monza, njia tatu ngumu ambazo hazimsamehe mtu, na mwaka 1959 akiwa na Ferrari alishinda Reims na AVUS.

Tarehe 12 Desemba 1959, pale Sebring nchini Marekani, alifika kwenye mbio za mwisho za msimu akiwa bado na nafasi ya kutwaa ubingwa. Katika mzunguko wa kwanza Wolfgang von Trips, mwenzake wa Ferrari, alimgonga kwa nyuma. Brooks alikuwa na njia mbili: kuendelea na kutumaini kwamba hakuna kilichopinda, au kuingia kwa mafundi na kupoteza muda ambao usingerudi. Aliingia. Mafundi walilikagua gari, wakaliona zima, na zaidi ya dakika mbili zikawa zimekwenda. Alimaliza wa tatu. Jack Brabham aliishiwa mafuta karibu na mwisho, akalisukuma gari lake kwa miguu hadi kwenye mstari, akamaliza wa nne na kuwa bingwa wa dunia, huku Brooks akiwa wa pili katika msimamo.

Aliacha mbio mwishoni mwa 1961 akiwa na miaka 29, baada ya kumaliza wa tatu huko Watkins Glen, akiwa ameshinda Grand Prix sita za ubingwa. Meno hakuyarudia. Alifungua gereji na biashara ya magari katika mji wa Weybridge, karibu na uwanja wa zamani wa Brooklands, akaishi hadi tarehe 3 Mei 2022, alipofariki akiwa na miaka 90.