Sort Haijaharibika

"Shikamoo kaka, sort kwenye ile seva ni mbovu." Ujumbe wa aina hii, kuhusu sort, amri ya Linux ya kupanga mistari, umenichosha. Safari hii ni orodha ya wakulima wa kahawa hapa Moshi. Skripti ikiendeshwa kwa mkono, "massawe" anamtangulia "Mushi". Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ikiiendesha usiku, "massawe" anatupwa chini kabisa, hata "Urio" anampita.

Sort inafuata lokeli, yaani mpangilio wa lugha na nchi kwenye mfumo, basi. Kwenye terminali unayo en_US.UTF-8 (Kiingereza cha Marekani), ambako ukubwa wa herufi huangaliwa mwishoni, maneno yakishalingana. Cron mara nyingi hairithi mazingira yako, kwa hiyo sort inaangukia lokeli ya C, ile ya msingi, na kulinganisha baiti, yaani namba zinazowakilisha herufi: A hadi Z ni 65 hadi 90, a ndogo inaanzia 97.

Linalonikera hasa ni hili. Mtu anaweka LC_COLLATE=C (kigeu cha mazingira kinachoamua mpangilio wa herufi), haoni badiliko, anaanza kuilaani Linux. Umeangalia LC_ALL? Hiyo ndiyo inayozishinda zote. Isipokuwepo, LC_COLLATE inasikilizwa, na LANG inakuja mwisho. Tena kwenye Debian na Ubuntu, SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwa kawaida hubeba lokeli ya laptopu yako hadi kwenye seva, kwa hiyo wewe na mwenzako mnaweza kuandika amri ileile, kwenye seva ileile, mkapata majibu mawili. Na lokeli ambayo haijasakinishwa? Sort inarudi kwenye C kimyakimya. Andika sort --debug uone inafuata kanuni ipi, kabla hujanipigia!

Hata majina ya lokeli yakifanana, usilale. glibc 2.28 ya mwaka 2018 (glibc ni maktaba ambayo sort huitegemea) ilibadilisha kanuni: zamani "11" ilitangulia "1-1", sasa ni kinyume. Fahirisi za hifadhidata za PostgreSQL zilizojengwa kwa kanuni za zamani ziliharibika watu walipopandisha toleo la mfumo.

Faili za kupitia comm au join, amri za kulinganisha au kuunganisha faili mbili zilizopangwa, mimi huzipanga kwa LC_ALL=C, pande zote mbili, bila mjadala. Orodha ya kubandika ukutani ndiyo inayonitia wasiwasi. Kwenye C, "ng'ombe" anatangulia "ngamia" kwa sababu baiti ya alama ya ' ni 39. Ikiandikwa kwa simu, alama huweza kuwa ile iliyopinda, ambayo baiti yake ya kwanza ni 226, na ng'ombe yuleyule anakwenda kukaa nyuma ya "nguruwe". Hapo safisha alama kwanza kwa sed, amri ya kubadilisha maandishi, ndipo upange.